Thomas Paine: ofisa ushuru aliyefukuzwa kazi, akadai pensheni kwa wazee wote

Kila tunapogusa suala la wastaafu katika kipindi cha jioni, simu za studio hujaa, na kwa kawaida huwa za aina mbili. Ya kwanza ni ya mwalimu au muuguzi mstaafu. Mkupuo haukufika alipotarajia, kikokotoo kimemuumiza, na pensheni ya mwezi inaisha kabla ya tarehe 15. Ya pili ni ya mkulima. Amelima pamba au mahindi tangu ujana, kila msimu amekatwa ushuru wa mazao, na kila akinunua sukari au sabuni amelipa kodi. Sasa mgongo umegoma na hana hata ofisi ya kwenda kuulizia. Anataka kujua kwa nini mwenzake ana haki, yeye ana huruma ya watoto wake tu.

Mara nyingine simu hizo mbili hugeuka ugomvi. Mkulima humwona mstaafu kama anayekula jasho lake. Mstaafu naye humwona mkulima kama anayeonea wivu alichokitolea jasho.

Mpenzi msikilizaji, ugomvi huo una zaidi ya miaka 200. Leo tunakuletea maisha ya mtu aliyeuona kutoka pande zote mbili, maana aliwahi kuwa mtumishi wa serikali mwenye mshahara mdogo na aliwahi kuwa fundi asiye na chochote. Aliitwa Thomas Paine.

Mtoto wa fundi

Paine alizaliwa mwaka 1737 katika mji mdogo wa Thetford, mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa fundi wa kushona nguo za kubana kiuno walizovaa wanawake wa zama zile, na muumini wa dhehebu la Kikristo la Marafiki. Mama yake alikuwa wa Kanisa la Uingereza. Kijana alisoma hadi umri wa miaka 12 au 13, akatolewa shule na kuwekwa kujifunza ufundi wa baba yake.

Ufundi haukumtajirisha. Alifungua duka lake katika mji wa Sandwich, akaoa mwaka 1759, na mwaka uliofuata mkewe akafariki wakati wa uzazi. Duka nalo lilikwisha kufa. Akiwa hana mke, mtoto wala mtaji, aliamua kutafuta kazi serikalini.

Mtumishi wa pauni 50 kwa mwaka

Kazi aliyoipata ilikuwa ya ofisa wa ushuru wa bidhaa. Uingereza ya wakati ule ilikusanya sehemu kubwa ya mapato yake kwenye vitu vya kila siku kama bia, chai, sabuni na mishumaa. Ofisa alizunguka kwa farasi kutoka kiwanda hadi kiwanda na duka hadi duka, akipima mapipa, akihesabu mizigo na kuandika kwenye vitabu. Watu hawakumpenda, na wafanyabiashara wa magendo walimchukia kabisa.

Mwaka 1765 Paine alifukuzwa kazi. Kosa lake lilikuwa la kweli: alijaza vitabuni kwamba amekagua bidhaa ambazo hakuzikagua. Lilikuwa kosa la kawaida miongoni mwa maofisa waliopewa maeneo makubwa kuliko uwezo wa mtu mmoja, lakini kosa ni kosa. Aliandika barua ya kuomba radhi, akakubaliwa kurudi nafasi itakapopatikana. Wakati akisubiri, alifundisha watoto mjini London. Mwaka 1768 alipangiwa kituo katika mji wa Lewes, kusini mwa nchi, akaishi huko miaka sita.

Mshahara wa ofisa wa chini ulikuwa pauni 50 kwa mwaka. Pauni moja ilikuwa na shilingi 20, na jina la shilingi yetu limetoka hukohuko. Baada ya kukatwa kodi, mchango wa hisani na gharama nyingine za kazi, zilibaki kama pauni 46. Farasi alikuwa wa ofisa mwenyewe, si wa serikali, na kumlisha na kumtunza kulichukua si chini ya pauni 14. Ofisa akabaki na pauni 32, yaani chini ya shilingi mbili kwa siku, za kulisha familia na kulipa pango katika mji wa ugenini ambako hana ndugu wa kumkimbilia.

Kijitabu cha watumishi

Mwaka 1772 maofisa wenzake walichanga fedha na kumpa Paine kazi ya kuandika madai yao. Matokeo yake ni kijitabu kifupi kuhusu hali ya maofisa wa ushuru. Zilichapwa nakala 4,000, na Paine alikaa London majira yote ya baridi akizigawa kwa wabunge na wakubwa wengine.

Hoja yake kuu inaeleweka hata leo na mtu yeyote aliyewahi kufika kwenye ofisi ya umma. Alisema umaskini wa mtumishi ni hasara ya serikali. Ofisa mwenye njaa aliyesimama mbele ya pipa la mfanyabiashara tajiri anajaribiwa kila siku, na serikali inayombana mshahara inapoteza mapato mengi kuliko ilichookoa. Alikumbusha pia kwamba mshahara ule uliwekwa zamani, na bei za vitu zilikuwa zimepanda sana tangu hapo.

Kijitabu kilidai mshahara, hakikudai pensheni. Lakini mambo hayo mawili ni chungu na kifuniko. Mtu ambaye mshahara haumfikishi mwisho wa mwaka hawezi kuweka akiba ya uzee. Akichoka, huwa amechoka na mikono mitupu.

Bunge halikuchukua hatua. Paine aliandika baadaye kwamba wizara ya fedha iliogopa: wakiongezewa maofisa wa ushuru, askari na mabaharia nao wataomba. Aliongeza jambo lililomkera maisha yake yote. Muda si mrefu baadaye, mwaka 1777, Bunge hilohilo liliongeza posho ya mfalme kutoka pauni 800,000 hadi 900,000 kwa mwaka. Nyongeza ile peke yake ilikaribia pauni 120,000 ambazo Paine alikadiria zingetosha kuweka sawa mishahara ya maofisa wote wa chini.

Yeye mwenyewe alilipa gharama ya harakati ile. Aprili 1774 alifukuzwa kazi kwa mara ya pili, safari hii kwa kuondoka kituoni bila ruhusa. Duka la tumbaku aliloliendesha na mke wake wa pili lilifilisika, vyombo vya nyumba vikauzwa kulipa madeni, na ndoa ikavunjika. Akiwa na umri wa miaka 37 alikuwa hana kazi, nyumba wala kiinua mgongo.

Mwandishi wa mapinduzi

Huko London alikutana na Benjamin Franklin, mwakilishi wa makoloni ya Amerika, aliyempa barua ya utambulisho. Novemba 1774 Paine alifika Philadelphia akiwa mgonjwa mahututi. Januari 1776 alitoa kijitabu kilichoitwa Common Sense, kilichowataka Wamarekani wajitenge kabisa na mfalme wa Uingereza. Kilisomwa na makumi ya maelfu ya watu, na miezi sita baadaye uhuru ukatangazwa. Faida yake ya mauzo aliitoa kwa ajili ya jeshi la mapinduzi.

Baada ya vita alipewa shukrani. Jimbo la New York lilimpa shamba mwaka 1784, na Bunge la Marekani likampa dola 3,000 mwaka 1785. Angeweza kutulia hapo akalima na kuzeeka. Lakini alirudi Ulaya, na mwaka 1789 Ufaransa ikalipuka kwa mapinduzi yake.

Hapa tusimame kidogo kwa ajili ya neno moja. Tunaposema mtu ni wa mrengo wa kushoto, neno hilo lilizaliwa katika bunge lile la Ufaransa la mwaka 1789. Waliotaka kupunguza nguvu za mfalme walikaa kushoto kwa kiti cha mwenyekiti, waliomtetea mfalme wakakaa kulia. Baadaye neno likawa jina la wote wanaotaka mali na madaraka yagawanywe kwa usawa zaidi. Kwa maana hiyo Paine alikuwa mtu wa kushoto, ingawa hakupinga biashara wala mtu kumiliki mali yake.

Hesabu ya mwaka 1792

Februari 1792 alichapisha sehemu ya pili ya kitabu chake Rights of Man, yaani Haki za Binadamu. Katika sura ya tano aliweka siasa pembeni na kushika kalamu kama ofisa ushuru anayekagua vitabu. Alichukua mapato yote ya serikali ya Uingereza, akapunguza gharama za vita na za ikulu ya mfalme, kisha akauliza kinachobaki kinaweza kufanya nini.

Mapendekezo yake yalikuwa mengi. Familia maskini zipewe fedha kwa kila mtoto, na watoto hao waende shule. Mishahara ya maofisa wa chini wa ushuru iongezwe, maana hakuwa amewasahau wenzake wa Lewes. Na kuhusu wazee, alipendekeza kwamba mwenye shida akifikisha miaka 50 apewe pauni 6 kila mwaka, na akifikisha miaka 60 apewe pauni 10 kila mwaka hadi kufa.

Pauni 10 ilikuwa moja ya tano ya mshahara wa ofisa ushuru. Si utajiri, lakini kwa mzee wa kijijini ilikuwa tofauti kati ya kula nyumbani kwake na kwenda kuombaomba parokiani. Paine alikadiria kwamba wazee wahitaji walikuwa 140,000, nusu yao wa umri wa kati na nusu wa miaka 60 na zaidi. Gharama yote ikawa pauni 1,120,000 kwa mwaka. Nchi ilikuwa bado haijafanya sensa, kwa hiyo idadi hiyo ilikuwa makadirio, lakini alionyesha kila hatua ya hesabu yake ili msomaji aikague.

Sehemu yenye uzito zaidi ni orodha ya watu aliowafikiria. Hawakuwa makarani na maofisa peke yao. Aliwataja wakulima, vibarua, mafundi na wake zao, mabaharia, askari walioachishwa jeshi, watumishi wa majumbani waliochakaa kwa kazi, na wajane.

Kisha akajibu swali la mkulima wetu wa jioni. Je, mtu ambaye hakuchangia mfuko wowote ana haki gani? Paine alisema kila mtu amechangia. Alipiga hesabu kwamba kila mtu nchini Uingereza, mwanamume au mwanamke, hulipa kwa wastani kodi ya pauni 2 na shilingi 11 na nusu kila mwaka tangu siku anayozaliwa, ukijumlisha na gharama ya kuikusanya. Hailipi kwa risiti. Inajificha ndani ya bei ya bia, chumvi na mishumaa. Kwa hiyo mtu wa miaka 50 ameshalipa pauni 128 na shilingi 15, na wa miaka 60 ameshalipa pauni 154 na shilingi 10. Akipewa pensheni anarudishiwa kitu kisichozidi sana riba ya fedha yake mwenyewe. Hapo ndipo Paine alipoweka msimamo wake: malipo haya ni haki, wala si sadaka.

Alijua wakubwa watauliza fedha zitatoka wapi. Aliwaonyesha pensheni ambazo tayari zilikuwa zikilipwa. Duke wa Richmond, kwa mfano, alipata fungu lake kutokana na ushuru wa makaa ya mawe, kwa sababu tu babu yake alikuwa mtoto wa mfalme. Paine alipiga hesabu kwamba fungu la mtu huyo mmoja lingewatunza wazee maskini 2,000. Alipendekeza pia kodi inayopanda kadiri shamba la mtu linavyokuwa kubwa.

Tazama hapo alipouelekeza mkono wake. Hakusema ofisa mdogo apunguziwe ili mkulima apate. Hakusema mkulima asubiri hadi ofisa ashibe. Wote wawili aliwaweka upande mmoja wa mizani, na upande wa pili akaweka fedha za umma zilizokwenda kwa watu ambao hawakuzitolea jasho.

Serikali ilijibu kwa mashtaka. Mei 1792 lilitolewa tangazo la mfalme dhidi ya maandishi ya uchochezi. Septemba Paine alivuka bahari kwenda Ufaransa, na Desemba mahakama ya London ikamtia hatiani akiwa hayupo.

Gerezani, na suala la ardhi

Wafaransa walimpokea kwa shangwe na kumchagua kuwa mbunge, ingawa Kifaransa chake hakikutosha na hotuba zake zilisomwa na watu wengine. Furaha haikudumu. Mfalme wa Ufaransa alipohukumiwa Januari 1793, Paine, adui wa wafalme, alipinga asiuawe. Alitaka afukuzwe nchini. Desemba 1793 alikamatwa na kufungwa Paris katika gereza la Luxembourg, wakati ambapo wafungwa walikuwa wakitolewa na kwenda kukatwa vichwa. Alitoka Novemba 1794 kwa msaada wa balozi wa Marekani, afya yake ikiwa imeharibika.

Baada ya hapo aliandika Agrarian Justice, kijitabu kuhusu haki katika ardhi, kilichotoka mwaka 1797. Humo alikwenda mbali kuliko mwanzo. Alisema ardhi katika hali yake ya asili ilikuwa ya watu wote. Aliyelima ana haki ya jasho lake na ya alichokiongeza juu ya ardhi, lakini ardhi yenyewe hakuiumba. Kwa hiyo mwenye ardhi anadaiwa na jamii kitu kama pango.

Pango hilo lilipwe vipi? Alipendekeza mtu anapokufa, sehemu ya kumi ya mali anayoacha iingie katika mfuko wa taifa. Kutoka mfuko huo kila kijana akifikisha miaka 21 apewe pauni 15 za kuanzia maisha, na kila mtu akifikisha miaka 50 apewe pauni 10 kila mwaka hadi mwisho wa uhai wake. Safari hii hakusema wenye shida tu. Alisema wote, tajiri na maskini, ili pasiwe na mtu wa kupembua nani anastahili.

Hata ndani ya mrengo wa kushoto hawakukubaliana. Thomas Spence, Mwingereza mwingine wa zama zile, alimjibu mwaka huohuo kwamba amewapa watu makombo. Spence alitaka ardhi yenyewe imilikiwe na wananchi wa kila parokia, na mapato ya pango wagawane. Paine hakutaka kumnyang'anya mtu shamba.

Uzee wake mwenyewe

Mwaka 1802 alirudi Marekani. Alikuta mapokezi ya baridi, hasa kwa sababu ya kitabu chake kingine kilichoshambulia mafundisho ya dini. Mwaka 1806 alinyimwa kura katika mji wa New Rochelle, penye shamba lake, kwa madai kwamba si raia wa nchi aliyosaidia kuizaa.

Mwaka 1808, akiwa mzee mgonjwa mwenye miaka 71, aliliandikia Bunge la Marekani kuomba alipwe kwa kazi aliyoifanya zamani, safari ya Ufaransa ya mwaka 1781 kutafuta fedha za vita. Ombi lilikataliwa. Mtu aliyepigia hesabu wazee 140,000 alimaliza maisha akiwa mmoja wa wazee wanaobisha hodi serikalini na kurudi mikono mitupu.

Alifariki New York tarehe 8 Juni 1809. Dhehebu la baba yake lilikataa azikwe katika makaburi yao, akazikwa shambani kwake mbele ya watu wachache sana.

Miaka 100 baadaye

Karne nzima ilipita. Katika muda huo Uingereza iliwawekea watumishi wa serikali pensheni kwa sheria, na utaratibu huo wa mtumishi kuwa na pensheni na mkulima kutokuwa nayo ndio uliokuja Afrika Mashariki pamoja na utawala wa kikoloni. Kwa wazee wengine Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1908. Tarehe 1 Januari 1909, mwaka wa mia tangu kifo cha Paine, wazee wenye kipato kidogo waliofikisha miaka 70 walianza kupokea hadi shilingi 5 kwa wiki katika ofisi za posta. Fedha zilitoka kwenye kodi, bila mzee kuwa amechangia mfuko wowote.

Na waliopewa kazi ya kukagua maombi ya wazee hao walikuwa maofisa wa ushuru wa bidhaa, idara ileile iliyomfukuza Paine mara mbili.

Kwetu hapa, Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa karani, mvuvi au mkulima wa karafuu. Kiasi kile kilikuwa kidogo, na hakuna aliyesema kinatosha. Lakini mzee hakuulizwa mwajiri wake alikuwa nani.

Kwa hiyo jioni mwalimu mstaafu na mkulima watakapokutana tena hewani, tuanze na hesabu kama alivyofanya ofisa huyu wa Lewes. Kila mmoja aorodheshe alichokilipa tangu alipoanza kazi: makato ya mshahara, ushuru wa mazao, kodi iliyomo ndani ya sukari, mafuta na vocha ya simu. Kisha tuulize kimekwenda wapi, kabla hatujaulizana sisi kwa sisi nani amemla nani. Namba za studio ni zilezile.